Nilivuta Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Guka

Admin, nifiche vizuri, mke wangu hufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Skuta, Nyeri. Nilitoka jela mwaka jana.

Kule ndani nilikuwa mtunza vitabu. Tulikuwa na kabati moja tu, na vitabu vingi havikuwa na mwisho, maana wafungwa walichana karatasi wakasokotea tumbaku. Kazi yangu ilikuwa kuzuia hilo. Lakini nami nilivuta, na nilichana kutoka nyuma kwa sababu wasomaji wengi hawakufika huko.

Guka, yaani babu kwa Kikuyu, ndivyo tulivyomwita mfungwa mmoja, alifika. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, akawa ananiita mwalimu hata mbele ya askari. Alisoma riwaya moja kwa miezi, kidole kwenye mstari. Ilihusu baba anayetoka jela na kurudi kwa mwanawe, ambaye baba huyo ndiye alimkosea. Siku moja akanijia amekikumbatia kitabu.

"Mwalimu, hii kitabu imekatikia kwa mlango. Mzee amebisha. Kijana alifungua ama alikataa?"

Kurasa hizo nilizisoma kabla ya kuzichana na kuzivuta. Kijana alikataa. Lakini nilipomwona Guka alivyokikumbatia nilishindwa kumwambia hivyo, wala kukiri kwamba ni mimi niliyechana. Nikasema wafungwa wengine ndio waliochana, ila mimi nilikuwa nimewahi kumaliza. "Alifungua, Guka. Hata akampikia chai."

"Ati mpaka chai?" Akacheka huku machozi yanamtoka.

Juzi nilipokea barua yake, ya kwanza kuandika maishani. "Mwalimu, natoka Ijumaa. Dada yangu wa Gakindu ameniwekea kitanda lakini siendi huko. Naenda Mwea kwa kijana yangu. Sijamwambia. Nitabisha tu, kama ule mzee."

Kijana huyo hajamtembelea hata mara moja. Alishamtumia neno kwamba asikanyage kwake.

Kesho Alhamisi gerezani wanaruhusu wageni. Nikienda kusema ukweli, Guka atajua mwalimu wake ndiye aliyevuta kitabu chake, na huenda asibishe mlango wowote tena. Nikinyamaza, atasimama pale Mwea akingoja chai niliyoitunga mimi.

Msinitukane sana, nimejitukana vya kutosha. Nishaurini leo, kesho saa tatu lazima niwe getini au nibaki nyumbani. Nifanye nini?