Kwa Nyamhanga, aliyezinyoosha saa za soko la mahindi

Bado siamini, jamani. Asubuhi hii nimeshika simu kumtumia Nyamhanga swali. Nimeandika nusu ya sentensi, ndipo nikakumbuka kwamba tumemzika Jumamosi, Nkende huko Tarime, nyuma ya nyumba yake.

Nimechoka. Basi kutoka Tarime hadi huku Iringa si safari ya mtu wa umri wangu. Lakini uchovu huu si wa basi.

Kwa msiomfahamu: alikuwa mhasibu mstaafu, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Familia yetu iliondolewa kwenye ardhi yetu ya Mbalibali nikiwa kijana, na sijarudi kuishi Mara tena. Yeye alibaki. Habari zote za nyumbani nilizipata kwake.

Hakupokea simu yangu bila kudai heshima yake.

"Anza na shikamoo. Nimekutangulia kuzaliwa."

"Kwa wiki mbili tu!"

"Hata ingekuwa dakika mbili, bwana. Anza."

Uzeeni akaniingiza kwenye kazi ya kikundi cha wakulima wa mahindi wa Mbalibali na Robanda. Mwenyekiti wao ni Wankyo, mjane mwenye watoto shuleni na sauti isiyohitaji spika. Walikuwa wamepata programu ya biashara: unaipa bei za sokoni pamoja na saa zake, nayo inakuchorea chart ya kuonyesha bei hupanda saa ngapi na hushuka saa ngapi.

Kwao si mchezo. Lori la mahindi likishafika sokoni, halirudi na mzigo. Unauza kwa bei uliyoikuta.

Bei zilitumwa kwa simu kutoka Mugumu, Tarime mjini na Sirari. Nyamhanga aliziingiza kwenye spreadsheet, mimi nikazipitia nikiwa huku.

Chart ya kwanza ikasema bei nzuri ni saa kumi alfajiri! Wankyo alikuwa tayari kukodi lori. Nyamhanga akampigia, nami nikiwa kwenye laini.

"Mama, saa kumi alfajiri sokoni kuna nani?"

Alidakia mtu wa Robanda aliyekuwa pembeni ya Wankyo: "Tembo! Na hao hawanunui, Mzee. Wanachukua."

Tulicheka sana. Kisha tukaanza kutafuta kosa.

Mtu wa Mugumu akiona bei saa nne asubuhi, huandika 4:00, kama sote tulivyojifunza kwa mama zetu. Kompyuta huisoma kuwa alfajiri. Mtu wa Sirari, aliyezoea mambo ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, saa hiyohiyo huiandika 10:00. Siku nyingine mtu yuleyule huandika 10:00 akimaanisha saa kumi jioni. Na programu yenyewe ilitaka saa za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu.

Nikapendekeza fomula. Saa za Mugumu ongeza sita, toa tatu; za Sirari toa tatu tu, tumemaliza. Kwa Mugumu ilikubali.

"Sirari haina fomula," akasema Nyamhanga. "Sirari ina watu. Tuwapigie."

Akawapigia, mstari kwa mstari.

"Kijana wangu, ulipoandika hii kumi, jua lilikuwa upande gani?"

"Upande wa Kenya, Mzee."

"Basi ni asubuhi. Asante."

Kwenye kolamu mpya akaandika 10:00, na kwenye inayofuata 07:00 ya programu. Kolamu ya kwanza, yenye saa alizotuma mtu mwenyewe, hakuigusa. Nilitaka tuifute, ilikuwa inachanganya macho.

"Usifute neno la mtu kwa sababu mashine haikulielewa," akanijibu.

Figo zilipoanza kumsumbua, aliendelea kupiga simu akiwa kitandani. Siku moja mkewe, Bhoke, alimnyang'anya. "Shemeji, mwambie rafiki yako hayo mahindi si yake!"

Nikamwambia. Akakohoa, akasema, "Kweli kabisa. Ni ya Wankyo. Na Wankyo akiuza vibaya, hana mavuno mengine ya kusahihishia."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yaliyokuwa na urefu. Baada ya hapo alinisikiliza tu.

Amefariki mistari mingi ya Sirari ikiwa bado.

Msibani Wankyo alinifuata chini ya turubai. Alinisalimia, akakaa.

"Baba, wenzangu wanasema tuweke fomula tu, tuuze. Wamechoka kusubiri. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa nimechoka kuliko hao wenzake. Ningesema sawa, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikamwomba wiki hii tu.

"Haya, nitawashika," akasema. "Lakini watanitukana, baba. Ujue."

Basi tangu nifike ninapiga simu. Mmoja wa Sirari aliniambia, "Kumbe amefariki? Alinisumbua sana mzee yule!" Kisha akanieleza saa za bei zake zote, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha.

Jana nimemaliza, nikafanya upload. Zile 10:00 za Sirari zenye bei ya juu, karibu zote ni za jioni. Asubuhi malori hujaa na bei huanguka, hupanda alasiri. Fomula ingewapeleka kuuza asubuhi, katikati ya msongamano.

Wankyo amejibu kwa sauti, na kuku wanasikika nyuma yake: "Basi lori litaondoka mchana. Na waliotukana, nitawapangia kupakia."

Nyamhanga, ndugu yangu, wanauza kesho. Bei itakuwaje sijui, hiyo haikuwa kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa saa, na saa zimekaa sawa. Hakuna simu nyingine ya kupiga. Yapumzishe macho hayo, nami nikajinyooshe kidogo.

Lala salama, bwana. Lala kabisa.