Mfuniko wa Kupalia Makaa

Mjomba wangu alikuwa fundi bati Ngamiani. Masufuria ya madukani yalipomnyang'anya wateja, aliweka tumaini lake lote kwenye mfuniko mpya wa kupalia makaa juu ya mkate wa kumimina. Nilimsihi, kabla hajafua wa pili, tuwaite wanawake wawili waliopika mikate ya kuuza, kwani wao walikwisha kujitengenezea mifuniko yao kwa mabati chakavu. Alikubali shingo upande.

Walikuja uani kwetu asubuhi. Mmoja alitaka ukingo mrefu, jivu lisimwagike. Mwenzake alitaka mfupi, apate kupepea. Ubishi ulipopamba moto, niliwaomba waache maneno wapike kwa mfuniko wa mjomba, sisi tutazame.

Mkate ulipokaribia kuiva, yule wa ukingo mfupi alishika mshikio uliosimama katikati ya makaa, ukamuunguza, akauachia kwa ukelele. Jivu lote likaingia mkateni.

"Fundi, weye umefua mfuniko au mtego?"

"Mshikio huo mzuri," mjomba alinuna.

"Mzuri kwa macho. Haya, ushike weye!"

Mwenzake alicheka hadi machozi, kisha akatoa kikapuni mfuniko wake mkuukuu. Mishikio yake ilikuwa miwili, pembeni kabisa, imevishwa mbao.

Mjomba aliugeuzageuza. Nilidhani atawafukuza. Aliingia ndani, akatoka na bati jipya linalong'aa kama maji ya asubuhi, akalilaza mbele yao na kuwapa chaki.

"Nichoreeni. Lakini mkibishana tena, nakata ukingo nitakao mimi."

Wakapiga magoti wote wawili, wakaanza kuchora.