Niliweka Majivu Mlangoni Nimnase Jenoveva

Naomba nisitajwe jina. Niite mtu wa Ngara mjini, inatosha. Na kabla hujanihurumia, jua kwamba kosa ni langu lote, sina wa kugawana naye. Nilimwonea mtu aliyenipenda, nikamwaibisha mbele za watu, na chanzo chenyewe, jamani, kilikuwa dawa ya kuchapia fulana!

Yeye nitamwita Jenoveva, ingawa si jina lake. Tuliimba kwaya moja, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Nimemzidi miaka sita, kwa hiyo aliniita dada. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani wakatulia Murusagamba, na yeye akazaliwa hukohuko kwenye migomba na maharage. Alikuja mjini kushona, akapanga chumba nyuma ya kwangu. Ndipo tukaanza kuchapa fulana nyumbani, wawili tu. Mume wangu anafanya kazi Biharamulo, huja mwisho wa mwezi.

Vifaa tulitengeneza wenyewe. Sanduku la mbao, ndani tumebandika foili, chini taa nne, juu kioo cha dirisha la zamani. Kazi inakwenda hivi. Unapaka dawa kwenye kitambaa chepesi kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, unaikausha gizani. Kisha unaweka mchoro mweusi juu ya kioo, fremu juu yake, unaikandamiza na mfuko wa mchanga, unawasha taa. Palipopigwa na mwanga dawa inakuwa ngumu. Penye weusi inabaki laini, ukimwaga maji inatoka, na herufi zinafunguka, wino upite hapo hadi kwenye fulana. Sisi tunaita kuchoma fremu.

Badala ya kutazama saa, muda tulipima kwa kuimba. Wimbo wetu wa matoleo, beti zote nne, kiitikio mara mbili kila ubeti, basi unazima taa. Tulicheka sana na hilo, lakini halikukosea hata siku moja.

Kiangazi chote fremu zilikauka chini ya kitanda changu, nimezifunika kaniki. Masika ilipoingia, dawa ikagoma kukauka, ukigusa inanata. Nikapata wazo. Jiko langu la nje lina uchaga wa fito juu ya mafiga, wa kuivishia ndizi za pombe, aliuacha marehemu mama mkwe. Ni giza, ni pakavu, na moto upo mchana kutwa. Nikazizungushia fremu ile kaniki, nikazipandisha, nikajisifu.

Jenoveva alinyoosha mkono akagusa moja. "Dada, mbona hii ina joto hivi?"

"Ndizi zinakaa hapo hazichomeki, fremu ndiyo itachomeka?" nikamjibu. "Fundi hapa ni nani?"

Akanyamaza. Nikishasema, watu wa nyumbani kwangu hunyamaza, na nilikuwa naona hiyo ni heshima.

Tangu hapo herufi zikakataa kufunguka. Namwaga maji, nasugua na sponji, wapi! Fremu nzima imekuwa ngumu, kama iliyopigwa mwanga kabla ya wakati. Nikaitoa dawa yote nikapaka upya. Ikakataa. Nikapaka ya tatu, ikakataa. Na kwaya ilikuwa inasubiri fulana za jubilei ya kigango chetu, zimebaki wiki tatu.

Nikajiuliza, mwanga unaingilia wapi? Jiko halina dirisha, mlango ni mmoja. Basi kuna mtu anafungua mlango na kuzifunua zile fremu. Na wa kuingia humo ni mimi na nani?

Wiki hiyohiyo mama mmoja muuza nyanya akaniambia, "Mwenzako nimemwona stendi na yule baba anayechapa fulana. Wameongea weee, mpaka basi la Biharamulo limeondoka." Hakusema zaidi. Mengine yote nilijaza mwenyewe.

Kuanzia hapo kila alichofanya kikawa ushahidi. Akicheka, ananicheka mimi. Akinyamaza, anapanga. Anaongea Kirundi na mama yake kwenye simu, na mimi naelewa vizuri tu maana Kihangaza chetu kiko karibu sana na hicho, wanaongea habari za mihogo, lakini moyoni nasema, mihogo gani hii ya kila siku!

Hata kuimba nilimshuku. Niliona anavuta noti makusudi ili fremu ikae sana kwenye taa. Nikamwambia asiimbe tena, nitaimba mwenyewe. Nikaimba peke yangu, harakaharaka, na herufi hazikufunguka. Mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilisema, ameshaiharibu tangu jikoni.

Asubuhi moja nikachota majivu, nikayachekecha kwa chekeche la unga, nikayatandaza mlangoni mwa jiko yakawa laini kabisa. Nikamwambia naenda sokoni, nitachelewa. Kumbe nimekwenda kwa jirani, nimejibanza kwenye migomba yake. Mama mzima wa watoto watatu, nachungulia jiko langu mwenyewe!

Jenoveva alitoka chumbani na kandambili zake za kijani. Akatazama barabarani. Hilo la kutazama barabarani ndilo lililonimaliza. Akaingia jikoni, akakaa kidogo, akatoka na vijinga viwili vinavyofuka moshi, akavizima kwa mchanga. Kisha akarudi chumbani kwake. Vile vijinga niliviona, ndugu zangu. Niliviona kwa macho yangu mawili! Lakini mimi nilikuja kutafuta nyayo, na alipoondoka nilikwenda nikaziinamia nyayo, nikaridhika.

Sikumwambia kitu. Nilisubiri Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya.

Mwalimu wa kwaya akauliza fulana zimefikia wapi. Nikasimama. "Muulizeni huyu," nikasema. "Anaziharibu ili kazi aihamishie kwa bwana wake wa stendi. Nimemnasa kwa majivu."

Jenoveva akasimama. "Dada, yule baba nilimfuata kumuuliza kwa nini dawa..."

Sikumwacha amalize. Nilisema neno ambalo mpaka leo linanichoma mdomoni. "Wakimbizi ninyi hamna shukrani. Rudi kwenu!"

Nusu ya waimbaji mle ndani wazazi wao walivuka mpaka uleule. Mwalimu wa kwaya naye ni mmoja wao. Aliinamisha uso kwenye daftari lake la nyimbo na hakuuinua. Jenoveva hakulia. Alililaza kayamba lake juu ya benchi taratibu, lisitoe sauti, akatoka. Jioni nikasikia bodaboda nyuma ya nyumba, na kesho yake chumba chake kilikuwa kitupu, kimefagiliwa.

Unadhani fremu zilifunguka? Nilitia kufuli jikoni, ufunguo nikauvaa shingoni. Zikakataa vilevile! Nikasema labda amechonga ufunguo. Nikasema labda ameacha kitu humo ndani cha kuniharibia. Naona haya kuandika haya, lakini nilimwaga chumvi kwenye pembe nne za jiko, mimi ninayekomunika kila Jumapili.

Siku ya sita nilikuwa natafuta kiatu cha mtoto chini ya kitanda. Mkono ukagusa ubao. Nikavuta. Ilikuwa fremu, imeviringishwa kwenye kitenge cha Jenoveva, kile cha maua ya njano alichokuwa anavaa kanisani. Alikuwa ameipaka dawa akaiweka pale petu pa zamani, penye ubaridi, ikauke polepole siku nyingi. Hakuniambia, kwa sababu mimi nilikuwa siambiwi. Nikaigusa. Ilikuwa kavu, na haikuwa na joto hata kidogo.

Nikaipeleka kwenye sanduku na mchoro wa kwaya. Nikaimba beti zote nne. Nikamwaga maji.

Nyie! Sponji hata sijaigusa, herufi zikaanza kutoka mojamoja, neno zima la jubilei, mpaka msalaba mdogo wa pembeni ukafunguka wote. Nikakaa chini kwenye tope, ndoo ipo mkononi, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Lilikuwa joto. Moto wa jiko uliigandisha dawa kabla haijaona taa. Jiko langu, moto wangu, wazo langu. Jenoveva alimwendea yule baba kumuuliza dawa yetu ina nini, kwa ajili yangu. Jikoni aliingia kupunguza kuni. Na barabarani alitazama kwa sababu alikuwa ananiogopa!

Fulana zikachapwa, kwaya ikazivaa. Walisema asante. Hakuna aliyesema zimependeza.

Baada ya jubilei nilikifua kile kitenge, nikachukua na fulana moja ya saizi yake, nikapanda bodaboda hadi Murusagamba. Njia ile wanaijua wanaoipita, tulishuka kusukuma mara mbili. Nilimkuta mama yake anapura maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe dada yake wa Ngara? Karibu, kaa. Alituambia unamtunza vizuri."

Kumbe hakuwaambia! Niliona afadhali yule mama angenitukana.

Jenoveva akaja kutoka shambani, jembe begani. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda ya maharage, nikasema yote mbele ya mama yake, majivu, chumvi, na lile neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mimi sikuwahi kumsikiliza hata mara moja mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Mama! Miaka yote nilikuwa dada. Sasa ananiita kama mtu aliyekutana naye stendi.

Nikamsihi turudi mjini, sanduku letu lipo, kazi ipo, hata jikoni siweki tena kitu. Akaitazama migomba, akamtazama mama yake.

"Uliniambia nirudi kwetu," akasema kwa upole. "Nimerudi. Kwetu ni hapa."

Kitenge alikipokea. Fulana alinirudishia, ameikunja vizuri.

Siku hizi nachoma fremu peke yangu, na zinafunguka zote. Naimba wimbo wetu wa matoleo. Nikifika pale ambapo sauti ya pili huimba peke yake, nanyamaza, nahesabu kimoyomoyo, halafu naendelea.

Ninyi mnaosoma, mnaofanya kazi na mtu na mambo yamekataa, nawasihi. Kabla hujatandaza majivu, nyoosha mkono wako uiguse fremu kama alivyoigusa yeye. Na akianza kukueleza, hata kama unyayo wake unauona mlangoni kwako, funga mdomo wako, umwache amalize.