Kuku wa Mama Mshonaji

Kiangazi kikifika na wawindaji wakaanza kuchoma nyasi za Kabambare, mama mshonaji huwalisha kuku wake ndani ya tenga. Kila jioni huinuka kwenye masini yake ya kushonea, akagonga sahani ya bati kwa mkasi, taratibu, nao huingia wakisukumana, paka akiwafuata. Jirani yake Amisa humtania: "Kuku wako wamekuwa abiria."

Juzi upepo uligeuka, moto ukashukia nyumba. Amisa alikuwa bado anakimbizana na kuku wake uani aliposikia sahani ikigongwa, taratibu vilevile. Alimkuta mama ng'ambo ya kijito, tenga kichwani, paka begani.

"Mama, masini iko wapi?"

"Iko kwenye nyumba. Yenyewe haina woga."