Peremende za rangi nilizobeba kwa baiskeli kutoka Nachingwea hadi harusini Nkowe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Shikamoo sitoi, maana sidhani kama yupo aliyenizidi umri.

Nina miaka themanini na saba. Kutumia simu hii nimefundishwa na binti wa jirani, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa nisameheni. Lakini maneno ni yangu na ni ya kweli. Mtakaosema hii ni chai, karibuni, nimekuwa mpishi maisha yangu yote, chai naijua.

Juzi niliona uzi wa dada mmoja anauliza namna ya kutengeneza vile vitafunwa vya besdei, bisi za mchele zimeshikamana kwa ile peremende nyeupe inayovutika, halafu zinatiwa rangi. Mashimelo, mnaziita. Watu wakamjibu anunue tu supamaketi.

Nikacheka. Kisha nikaweka simu chini, sikuishika tena siku ile.

Wakuu, vitu hivyo mimi nilivipika Nachingwea miaka ya hamsini, wengi wenu hata baba zenu hawajazaliwa.

Ngoja niwaeleze.

Mimi ni Mmwera, kwetu ni Nkowe, Ruangwa. Nilikwenda Nachingwea nikiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Ule mradi mkubwa wa karanga wa Wazungu ulikuwa umeshaanguka, lakini wapo waliobaki na mashamba na nyumba zao za mabati, na reli ya kutoka Mtwara ilikuwa bado inafanya kazi. Nikapata kazi jikoni kwa bwana mmoja na mkewe.

Baba hakutaka.

Kwetu ni Waislamu, na Baba alikuwa mtu wa msikitini. Alijua Wazungu wanakula nguruwe, na alijua mpishi ndiye anayeshika chungu. Sikuwahi kula, wallahi. Nilikuwa na sufuria yangu ndogo na kijiko changu, navitunza chumbani kwangu. Lakini utamwonyesha nani sufuria yako? Baba aliniambia, "Nenda. Ila utakula nao mpaka usahau wewe ni nani." Basi nikaenda na maneno hayo.

Miaka mitatu sikurudi nyumbani. Nachingwea na Nkowe si mbali, nisijidanganye. Nilikuwa naogopa.

Na kule nako sikuwa na mtu. Memsahibu, ndivyo tulivyomwita huyo mke, aliniita Juma. Mimi siitwi Juma. Juma alikuwa mpishi aliyenitangulia, na Memsahibu hakutaka kujifunza jina jipya. Nilisahihisha mara mbili, mara ya tatu nikaitika. Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba, jirani na kuni, na jioni nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza santuri ya ndani. Hakuna wa kuongea naye Kimwera. Nikawa naongea na jiko. Msicheke, jiko la kuni linasikiliza vizuri kuliko watu wengi.

Sasa turudi kwenye peremende.

Memsahibu alikuwa na watoto wawili, na kila besdei watoto wa Wazungu wote wa pale walikuja. Akanifundisha hicho kitafunwa. Dada uliyeuliza, chukua kalamu.

Kuna unga unaitwa jelatini. Unaulowanisha kwa maji baridi mpaka unafura. Pembeni unachemsha sukari na maji kidogo mpaka ukiinua kijiko inatoa uzi. Unamwagia ile sukari kwenye jelatini, halafu unapiga. Unapiga, unapiga, mkono mpaka unakufa ganzi. Mashine hakuna, ni kipigio cha mayai cha kuzungusha kwa mkono. Baada ya nusu saa hivi inakuwa nyeupe na nzito kama povu la sabuni. Unagawa kwenye mabakuli matatu, unatia matone ya rangi, nyekundu, kijani na manjano. Haraka unachanganya bisi za mchele na siagi, unashindilia kwenye sinia lililopakwa siagi. Mikono iwe na maji baridi, la sivyo utabandukana na sinia keshokutwa. Ikipoa, kata vipande.

Nilikuwa fundi, wakuu. Sijisifu bure. Nilipanga rangi kwa mistari mpaka wale watoto wakapiga kelele. Mimi nilisimama mlango wa jikoni nikiwa na taulo begani, wakaimba nyimbo zao, wakala, wakamaliza, wakatoka nje kucheza. Hakuna aliyegeuka kuuliza nani kapika. Nikakusanya sahani.

Siku moja ikafika habari kwamba mdogo wangu Zuhura anaolewa.

Zuhura ni mdogo wangu wa tumbo moja, tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Nikasema liwalo na liwe, naenda. Na nikajipangia moyoni. Nitakwenda na kitu ambacho hakijawahi kuonekana Nkowe. Watoto watafurahi, wamama watashangilia, na Baba ataona kwamba nilichofuata Nachingwea kilikuwa ni ufundi. Ataniita nikae naye. Hilo tu ndilo nililolitaka, Baba aniite nikae naye.

Memsahibu alinipa ruhusa, na akanipa jelatini iliyobaki kwenye kopo, sukari, vichupa vya rangi na pakiti ya bisi. Hapo alifanya wema, sitamnyima haki yake. Nikapika sinia kubwa kuliko zote. Nikapanga vipande kwenye debe la biskuti, kila safu nikaitenganisha kwa jani la mgomba, nikalifunga kwenye kerea ya baiskeli.

Nikatoka alfajiri kukwepa jua. Barabara ya vumbi, baiskeli nzito, kila baada ya muda nasimama kivulini nagusa debe kama linapata joto. Nililala Ruangwa kwa jamaa yangu mmoja, asubuhi nikaingia Nkowe.

Baba alikuwa amekaa na wageni wa upande wa bwana harusi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Umefika."

"Nimefika, Baba."

"Haya. Nenda kwa mama yako."

Basi. Miaka mitatu, nikapata maneno hayo. Lakini sikuvunjika moyo, nikasema ngoja debe lifunguliwe.

Nikaingia uani kwa wamama. Mama alinishika uso akalia kidogo, akaambiwa mchuzi unaungua, akarudi jikoni. Nikafungua debe.

Weee! Mngeona. Watoto walikuja kama wameitwa kwa ngoma. Nyekundu, kijani, manjano, zinang'aa. Hata wamama waliokuwa wanapepeta mchele waliacha ungo. Mmoja akaniuliza kama ni sabuni. Nikajiona mtu.

Shangazi yangu, dada yake Baba, akachukua kipande, akakivuta, kikavutika. Akavuta tena.

"Mwanangu, hiki kinachovutika ni nini?"

Wakuu, hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema ni sukari, yakaisha. Sukari ipo humo, si uongo. Lakini nilitaka waone nina elimu. Nikasimama kama mwalimu, nikawaeleza habari za jelatini, kwamba ni unga unaotengenezwa Ulaya, wanachemsha ngozi na mifupa mpaka inatoa ute, wanaukausha, wanausaga.

Shangazi akaacha kuvuta.

"Mifupa ya mnyama gani?"

Hilo swali sikuwahi kujiuliza. Nasema kweli mbele ya Mungu. Nimepika kitu kile mara ngapi sijui, na nilikuwa nalamba kijiko kuonja. Mimi niliyetunza sufuria yangu chumbani!

Ningeweza kusema ng'ombe. Neno lilinifika mdomoni. Lakini wale ni watoto wa ndugu zangu, siku ya ndoa, na mimi sijui.

"Sijui, Shangazi. Kwenye kopo hawakuandika."

Shangazi alikirudisha kile kipande debeni polepole, akafuta vidole kwenye jani. Kisha wamama wakaanza kuwashika watoto mikono, mmoja mmoja, bila kelele wala matusi. Mtoto mmoja alikuwa ameshaweka kipande mdomoni, mama yake akakitoa kwa kidole. Kama wangenitukana ningejua la kujibu.

Mama hakuniangalia. Alichukua kanga akafunika debe.

Na habari ya uani haikai uani. Nilipotoka nje niliona mtu anainama sikioni kwa Baba. Baba akainua kichwa akanitazama, muda mrefu, mbele ya wakwe.

Nikasoma nilichokisoma katika macho yale. Nikajiambia, umekwisha. Umekuja kulisha harusi haramu.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachukua baiskeli, nikaisukuma kwenye shamba la mihogo ili nisionekane. Sikumuaga Mama. Sikumuona Zuhura na mavazi yake ya harusi. Harufu ya pilau nilitoka nayo mpaka barabarani, na nilikuwa sijala tangu jana yake. Nililia njiani, kijana mzima, kidevu kina ndevu.

Niliporudi Nachingwea Memsahibu akaniuliza, "Juma, ndugu zako walipenda peremende?"

Nikamwambia, "Sana, Memsahibu. Zimeisha zote."

Nikamuuliza jelatini inatokana na mnyama gani. Akageuza kopo, akamuuliza bwana, bwana naye hajui, wakacheka kidogo. Hawakuwa na sababu ya kujua. Nikaendelea kuwapikia mpaka walipohama, ila kijiko sikulamba tena.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Barua ilinifikia wakati matanga yameshaanuliwa.

Baada ya hapo nimepika Lindi, nimepika Mtwara, hoteli na nyumba za watu. Nilioa, mke wangu alitangulia, watoto hatukujaliwa. Nkowe nilikuwa naenda kwa misiba, nazika, narudi. Hakuna aliyezungumzia ile siku na mimi sikuigusa. Kwetu mambo ya aibu tunayapita pembeni. Lakini kila nilipokuwa peke yangu, na nimekuwa peke yangu sana wakuu, nilikuwa naona macho ya Baba.

Sasa sikilizeni.

Mwaka jana Zuhura aliniita harusi ya mjukuu wake. Kizee kama mimi, meno yamebaki ya kuhesabu. Tumekaa kwenye mkeka, wakaleta keki ya rangi rangi. Nikamwambia kwa utani, "Angalieni jelatini hiyo. Mimi mlinifukuza kwenye harusi yako kwa ajili yake."

Zuhura akageuka. "Tulikufukuza? Nani alikufukuza?"

Nikamwambia Baba. Nikamweleza yale macho.

Aliniangalia kama mtu aliyeona nyoka. Akasema peremende zilimwagiwa kuku, ni kweli, na kuku walitembea na midomo ya rangi siku mbili, watu walicheka sana. Lakini Baba hakukasirika. Aliposimuliwa maneno yangu alisema, "Angeweza kusema ng'ombe tukala wote. Kasema hajui. Basi huyu hajapotea."

Pilau lilipopakuliwa, Baba aliketi kwenye sinia la wakwe, akawaomba wasianze. Akasema mwanangu wa Nachingwea amekuja, ngojeni akae hapa. Akatuma watu wakaniite. Wakatafuta uani, msikitini, mpaka kisimani. Wakwe wamekaa wameshanawa mikono, na Baba anasema ngojeni kidogo, ngojeni kidogo, mpaka chakula kikapoa, watu wakaanza kuona haya kwa niaba yake.

"Mbona hamkuniambia?" nikamuuliza.

Zuhura akasema, "Tulijua ni wewe uliyetukataa. Uliondoka bila kuaga, kaka. Baba mpaka anakufa alidhani umeona vyakula vyetu ni vya kishamba."

Yaani miaka yote hiyo mimi nalia kwamba nimekataliwa, na mzee wangu kaenda kaburini akilia hivyohivyo, na tulitenganishwa na mwendo wa baiskeli.

Funzo nililolipata nawaachia, japo limenifikia nikiwa sina wa kulitumia kwake. Macho ya mtu usiyasome peke yako. Kaa, hata kama umeaibika, kaa mpaka chakula kipakuliwe. Anayetaka kukufukuza atakufukuza kwa mdomo wake.

Dada wa besdei, siku hizi ipo jelatini ya ng'ombe na imeandikwa, soma kopo kabla hujanunua. Ukikwama popote niulize, muda ninao mwingi kuliko ninavyouhitaji.

Na wewe uliyewahi kutoka kwenye shughuli ya kwenu kimyakimya, andika hapa chini ilikuwaje, nitasoma yote na nitajibu kwa hiki kidole changu kimoja. Ila kama baba yako yu hai, usianze na mimi. Mpigie yeye kwanza.