Zeze na Sanduku la Mluzi: Siku Arusi ya Isaka Ilipogeuka

Jua la asubuhi limeshaingia kibandani kwa fundi redio Zamoyoni Majaliwa, Nyahanga, mjini Kahama. Anazungusha kifungo cha sanduku la mbao. Spika inatoa mluzi mwembamba, unapanda, unashuka, unatetemeka. Pembeni yake Paskalina, mjane wa miaka hamsini na mbili, anausikiliza kidogo, kisha anaingiza zeze lake.

"Hapo hapo, Mama Marcel!" fundi anapaza sauti. "Usikimbie, nakufuata."

Sanduku hilo amelitengeneza kwa vipuri vya redio mbovu. Ndani hamna kanda wala santuri. Umeme wa betri ndio unaogeuzwa sauti. Tangu 1981, miaka minne sasa, wawili hao wanatunga nyimbo kwa namna hiyo, mluzi na zeze vikijibizana.

Mwezi uliopita walialikwa Isaka, arusini kwa binti wa Bartholomeo, mdogo wake Paskalina. Watu walicheza hadi vumbi likatimka. Wimbo ukaisha, Paskalina akaweka zeze chini. Sanduku likaendelea. Kifungo kilikuwa kimekwama, na mluzi ukageuka kilio, kama cha mtoto mchanga.

"Nogi!" mtu akapiga kelele. Mchawi!

Vidole vikamwelekea Paskalina.

"Mtambo nilikuwa nao mimi," anasema Zamoyoni. "Hakuna aliyenitazama. Walimwona mama mtu mzima, hana mume, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Basi, ikawatosha."

Mawe yakaokotwa. La kwanza kuinuliwa lilikuwa mkononi mwa Bartholomeo.

Zamoyoni alilivunja sanduku kwa teke, akang'oa betri na kuzitupa mbele ya watu. Kilio kikakatika. "Betri za tochi!" alifoka. "Kama zenu za nyumbani!"

Mawe yakaanza kudondoka, ila la Bartholomeo likabaki mkononi.

"Nikamuuliza, 'Barto, ungenipiga?'" anasimulia Paskalina. "Huyo nimembeba mgongoni, mama yetu akiwa shambani. Akalitazama lile jiwe kama hajui limefikaje mkononi. Mpaka leo hajanijibu."

Sanduku la asubuhi hii ni jipya, halina kifuniko. Nyaya zote ziko nje. Jumamosi wanarudi Isaka, wapige uwanjani mchana kweupe. Paskalina amemtumia mdogo wake salamu: aje aweke betri kwa mkono wake, watu wote wakiona.

Na asipokuja?

Anakaza uzi wa zeze, anaugusa kwa kidole.

"Nitapiga. Nyimbo ni zetu, siziachi. Ila zamani nikipiga nilikuwa naangalia nyuso za watu. Siku hizi naangalia mikono."