Kobe kwenye Mizani ya Mbuzi

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na mvi, kwa hivyo kikundi chetu cha kulinda kobe, huku nje ya Mutomo, kilinikabidhi daftari. Anayemwona kobe porini ananiambia, mimi naandika ni wapi na alikuwa akifanya nini. Kulikuwa na jike mmoja mkubwa niliyemsifu kupita wote. Nilisema ni kama meza ya chai. Nilisema anaweza kubeba mtoto wa darasa la pili mpaka kanisani na kumrudisha.

Mwaka huo mvua ya Novemba ilitukataa. Mto ukabaki mchanga, na wanawake wakachimba visima mle mpaka mtu akiinama ndani humwoni. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Mwaitu, alitusihi jambo moja tu. Yule jike alikuwa ameonekana akichimbachimba, akitafuta pa kutagia. Tumfikishe kwenye mvua.

Siku moja ya soko, huyo akatokea akivuka njia ya mifugo, karibu na mgunga ambapo mnunuzi wa mbuzi kutoka Garissa hutundika mizani yake.

"Mwalimu!" mnunuzi akaniita kwa utani. "Hii ndiyo meza yako ya chai? Hiki ni kigoda!"

"Kigoda? Huyo ni kilo hamsini, kabla ya kunywa chai!"

"Wallahi hafiki ishirini. Mlete."

Kwetu ubishi wa uzito hauishi kwa mdomo. Awe mbuzi, liwe gunia la ndengu, mwishowe kitatundikwa tu. Nikampakata kobe, nikamtia kwenye gunia la kupimia. Alipoinuka hewani akaachilia maji, mengi, yakanilowesha viatu. Nikaruka nikipiga kelele kwamba mto Athi umefurika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mizani ilisema kumi na nne. Nikamteremsha, akabaki ameficha kichwa, nami nikapanda baiskeli yangu iliyobeba mtungi wa maji uliojaa pomoni.

Baada ya wiki chache Mwaitu alinipeleka kwenye kichaka. Jike alikuwa amelala mle, macho yamezama, siafu wakiingia na kutoka. Kwa mazoea, ili kupunguza uzito wa pale, nikamsimulia Mwaitu habari ya mizani na Athi kufurika. Hakucheka.

"Alimwaga yote?"

"Yote, Mwaitu."

"Na ulimpa maji?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwanangu, yale ndiyo aliyokuwa ameweka ya kiangazi. Ukimwinua anashtuka, anayamwaga. Ungemweka kwenye karai lenye maji kidogo tu, akanywa."

"Mimi nilidhani kiangazi ndicho kimemuua."

"Kiangazi alikuwa anakiweza."

Alipiga magoti, akagusa gamba karibu na mkia. Akasema mayai bado yamo. Kisha akaniambia nitoe daftari, niandike palepale akiona.

Nikaandika mahali. Nikaandika kilo kumi na nne. Kwenye sababu nikaandika "ukame". Akalisoma lile neno, na kidole chake hakikuondoka juu yake. Nikalikata, na mahali pake nikaandika jina langu.